Spika za Kombi Isiyo na Injini

Kasongo, tarehe 12 Februari 2023

Mwipwa wangu Aristote,

Pokea salamu zetu zote kwa pamoja, kwa sababu Mama Léocadie amekataa nizitenganishe. Anasema karatasi itakwisha kabla sijafika kwenye habari. Mama yako Marguerite ni mzima. Mpunga wake wa bondeni umetoa masuke, na anashinda huko akifukuza ndege kwa kugonga sufuria. Mimi ni mzima. Léocadie mke wangu nyonga yake haijakubali bado, anatembea hadi mlangoni na kurudi, lakini maneno yake hayajapungua, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Nilikupigia simu mara tatu mwezi uliopita, na mama yako alipiga zaidi. Iliita, hukuchukua. Si kitu. Mimi mwenyewe sipendi simu. Barua mtu anaweza kuirudia. Assumani wa pikipiki ameanza safari za Kabambare mara mbili kwa mwezi, yeye ndiye atakuwa mjumbe wetu. Mpe chakula kila akifika.

Sasa habari yenyewe. Nimewatoa kuku ndani ya kombi.

Umekaa mbali muda mrefu, labda imekutoka kichwani. Ni ile kombi ya kulala ya wale wazungu wawili, mume na mke, iliyowafia hapa Kasongo mwaka 1974. Walimwachia baba yangu ufunguo wakasema watarudi mvua ikikatika. Baba aliwangoja mpaka alipokufa. Injini niliitoa mimi, ikaenda kuendesha kinu cha mihogo, na ndiyo inayotulisha mpaka leo. Gari lenyewe likabaki kwa kuku. Basi tangu Desemba nimeliosha, nimechomelea sakafu, nimerudisha kitanda cha nyuma na kile kibomba kisicho na maji. Léocadie ameshona mapazia. Anashinda humo kila alasiri kwa sababu ngazi yake ni fupi na dirisha linaona njia ya sokoni. Kabla giza halijaingia ananiuliza, "Papa André, leo tumefika wapi?" Nami lazima niseme. Jumatatu tulifika Nyangwe, tukalala kando ya mtumbwi. Jana tulikuwa Lusangi. Hatujawahi kuharibikiwa njiani.

Kinachokosekana ni muziki. Nimepata bafle mbili za kutolea sauti, za baa iliyofungwa. Mwenyewe alinipa nilipomchomelea lango. Paneli ya jua iko, batri iko. Tumekwama mahali pa kuziweka. Mimi nasema juu, Léocadie anasema mlangoni. Wewe ndiye sikio la ukoo huu. Ulikuwa na miaka kumi na tisa ukiongoza kwaya, ukasimama nje ya kanisa na kusema ni nani ndani amekosea. Basi sema, nasi tutafuata.

Mjomba wako,
André


Kabambare, tarehe 3 Machi 2023

Mjomba André mpendwa,

Barua yako ilinifikia tarehe 19 ikiwa kavu kabisa, kwa sababu Assumani aliifunga ndani ya mfuko wa chumvi. Nilimpa wali na mboga ya sombe, akala akiwa amesimama. Nimefurahi kwa habari za mpunga, na nyonga ya Mama Léocadie naiweka katika sala. Mwambie mama shuka alilotuma nimelipata. Atauliza kama ninakula. Mwambie ndiyo.

Kazi ya ofisi inaendelea. Naandika barua za biro kwa mashine, naingiza katika daftari zile zinazofika, napiga mihuri. Shefu wetu, Mama Apolline, ni mtu wa haki, lakini huita mara moja tu. Anaita akiwa ndani ya chumba chake, bila kuinua sauti, na anayechelewa hana bahati. Mimi mwaka huu bado ni wa majaribio. Dosie zetu sisi wapya watatu zitaondoka kwenda makao ya jimbo, Kindu, katikati ya mwezi wa tisa, ili tupewe namba ya matrikule. Bila namba hiyo mtu ni mgeni tu ndani ya biro, anaweza kuambiwa kesho asirudi. Anayeziandaa ni mimi. Kila dosie ina karatasi kumi na moja. Kumi ninazo. Ya kumi na moja ni cheti cha daktari kinachosema kwamba mwili ni mzima, macho, masikio, mapafu, mgongo. Sijaenda kwa daktari. Nitakwenda.

Samahani kwa simu. Mtandao wa hapa si mzuri. Tena mwezi wa kumi na mbili nililazwa siku tano kwa malaria, sikutaka mama ahangaike. Walinitundikia kwinini. Unajua kwinini inavyoimba masikioni, kama nyenje. Nimepona. Nyenje wa kulia amekwisha kunyamaza.

Kombi siwezi kuisahau. Nikiwa mdogo nilikuwa nalala kwenye kitanda kile cha nyuma, katikati ya kuku, nikingoja mvua. Ilikuwa inatoka bondeni. Iligonga kwanza bati la kushoto, halafu ikapita juu yangu kama mtu anayenivuta shuka, halafu ikafika kulia na kwenda zake kwa jirani. Nilijua ukubwa wa mvua kabla sijafungua macho. Nadhani ni hapo nilipojifunza muziki, kwaya ilikuja baadaye. Mwezi huu nimeiota kombi mara mbili. Inatembea polepole ndani ya majani marefu, haina dereva, na sisi tuliomo hatuogopi.

Kuhusu spika, ambazo wewe unaziita bafle, siwezi kusema neno bila vipimo. Naomba urefu na upana wa ndani, kimo cha kitanda, na mahali pote ambapo skrubu inaweza kushika. Sitaki kukosea.

Nawaza juu yenu kila siku.
Aristote


Kasongo, tarehe 20 Machi 2023

Mwipwa,

Hapa hakuna mgonjwa mpya. Assumani anasema sombe yako ilikosa chumvi, ingawa alikuletea mfuko mzima uliowahi kuwa na chumvi. Mama yako ameipokea ile ndiyo yako, lakini hakuiamini.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi, pamoja na mchoro. Mahali pa kuziweka ni patatu tu. Juu, penye reli ya mapazia. Milangoni, kule chini. Au ndani ya sanduku la kitanda, chini ya mbao za kulalia.

Jumamosi nilijaribu juu. Nilizifunga kwa waya, moja kushoto na moja kulia, nikaweka muziki. Nikaona uko mbali, nikaongeza. Bado mbali. Nikaongeza. Léocadie alitoka ndani ya kombi peke yake, bila fimbo, mara ya kwanza tangu Novemba, mikono iko masikioni.

"Papa André, unataka kuniua ao unataka kuniponya?"

Watu wakaja kutoka sokoni, wakauliza arusi ni ya nani. Mimi nilikuwa nadhani batri imechoka. Kwa hiyo juu nimepaacha, au tuseme mkono wangu hauna adabu kwenye kile kitufe. Ndiyo maana nangoja sikio lako.

Umeandika kwamba nyenje wa kulia amenyamaza. Habari za wa kushoto hukuandika. Labda karatasi ilikwisha.

Jana tulifika Kindu, Léocadie akaogopa taa nyingi, tukageuza.

André


Kabambare, tarehe 16 Mei 2023

Mjomba mpendwa,

Nianze kwa kuomba msamaha. Ni karibu miezi miwili. Mto Luama ulijaa na Assumani alikaa ng'ambo wiki nzima, hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba nimechora mchoro huu mara nne. Natumaini nyonga inapona baada ya mbio zile. Mama nimemwandikia kipande chake peke yake, kimo ndani, umsomee.

Nimefikiri hivi. Spika zikiwa juu, sauti itagonga bati na kurudi, na anayelala atapata kichwa kuuma. Milangoni waya zitakatika kwa kufungua na kufunga. Chini ya kitanda sauti itamezwa na godoro. Kwa hiyo shauri langu ni kuziweka zote mbili upande wa kulia wa anayelala, kwenye ubao wa kabati, zikiwa zimegusana, zikitazama kichwa cha kitanda. Hapo mtu akilala chali atasikia kila kitu vizuri sana. Nimeandika kimo chake na skrubu zinazohitajika. Ukifuata hivyo hakutakuwa na kosa.

Bironi hatujambo. Mama Apolline ameanza kuniita Bwana Jiwe. Nadhani ni utani. Juzi alitoka mpaka mlangoni akasema, "Bwana Jiwe, miye naita ao naimba?" Bulaimu, ambaye tunakaa naye chumba kimoja bironi, alicheka, nami nikacheka. Meza yangu iko chini ya dirisha, na mlango wake uko kushoto kwangu. Sasa ninapoandika nageuza kiti kidogo, nionekane kama mtu anayekimbia jua.

Ndoto ya kombi imerudi. Safari hii majani yalikuwa marefu kuliko paa, na tulikuwa tunasikia mto bila kuuona. Niliamka nikiwa nimefurahi, sijui kwa nini.

Kwenu daima,
Aristote


Kasongo, tarehe 27 Mei 2023

Mwipwa,

Tuko salama, salamu zitakuja siku nyingine.

Zote mbili upande wa kulia. Nimesoma mara tatu. Nikampa Léocadie, naye akasoma mara moja, akaweka karatasi juu ya kifua, akanyamaza. Unajua yeye hanyamazi. Mtu mwenye bafle mbili anaweka moja huku na moja kule. Hata kuku niliowatoa mle wangeniambia hivyo.

Assumani naye alikuwa hapa anakula. Akasema, "Mutoto wenu nilimupigia honi nyuma, njia nzima, hageuki. Nikapita kwa kushoto karibu nimuguse, haoni mutu. Nikarudi kupita kwa kulia, akaruka kama paka."

Siulizi kwa hasira. Nauliza tu kama shauri lile ulilitoa kwa ajili ya kombi, au kwa ajili ya kichwa chako. Kama hutaki kujibu, niandikie habari za mvua.

André


Kabambare, tarehe 30 Juni 2023

Mjomba,

Hapa mvua haijanyesha wiki tatu sasa, kwa hiyo sina cha kuandika juu yake.

Sikio langu la kushoto halisikii. Halijasikia tangu nilipotoka hospitali. Nilidhani litarudi pamoja na nguvu za miguu. Kila asubuhi nilisugua vidole karibu nalo kabla ya kuinuka kitandani, na kila asubuhi nilijiambia kwamba leo kuna kitu kidogo. Hakuna kitu. Mvua ya Aprili ilininyeshea upande mmoja tu, Mjomba. Nililala chali nikaisikia ikija kutoka kulia mpaka katikati ya paji la uso wangu, ikasimama pale kama imefika mpakani.

Simu ningeweza kuichukua kwa sikio la kulia. Lakini mama angeuliza, "Uko muzima?" Kwenye barua naweza kuandika ndiyo. Kwa mdomo siwezi.

Ninachoogopa ni ile karatasi ya kumi na moja. Nimesoma elimu yote ambayo mama aliweza kunisomesha, na kazi hii ndiyo ya kwanza. Bulaimu peke yake ndiye anayejua, aligundua mwenyewe siku moja aliponitukana upande wa kushoto nami nikamshukuru. Amenipa shauri. Anasema daktari hatufahamu kwa sura, anasoma jina na kupima aliyesimama mbele yake. "Weye kaa hapa, miye naenda na jina lako. Niko na masikio mawili, nakukopesha moja, jioni utanirudishia." Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliona nimekwisha kuchagua siku ambayo ingefaa.

Dosie nazifunga mimi. Baada yangu hakuna wa kuziangalia isipokuwa Mama Apolline, naye karatasi zangu anazisaini bila kuzisoma, kwa kuwa ananiamini. Hilo linanitisha kuliko daktari.

Usimwambie mama. Na shauri langu la spika lifute. Sikuwa na haki ya kulitoa.

Aristote


Kasongo, tarehe 14 Julai 2023

Mwipwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Nyonga inaendelea vizuri, mpunga umevunwa, umeingia ghalani. Mama yako hakuambiwa na mimi. Ni kwamba nilikuwa nasoma barua yako kwa sauti, peke yangu, ndani ya kombi, kama ninavyozoea, na Léocadie anasema sauti yangu siku hizi inafika sokoni. Mama yako alikuwa anapita na ungo. Alikaa chini kwenye ngazi ya kombi. Akasema, "Basi ndiyo maana hachukui simu. Nilizani amenichoka." Halafu akapepeta mchele wake pale pale mpaka ukaisha. Hakulia. Anasema utakapokuja atakaa upande wowote utakaomwonyesha.

Sasa na mimi nina la kusema, na nimelichelewesha zaidi yako.

Nimechomelea na kusaga vyuma miaka thelathini na moja, na kinu kinanguruma mgongoni mwangu kila siku. Masikio yangu yamekwenda kidogo kidogo. Zilianza kupotea sauti nyembamba. Ndege. Kengele ya baiskeli. Léocadie akininong'oneza kitu kanisani, naona midomo tu na kutikisa kichwa. Kwa daktari sijaenda, huu ni mwaka wa sita naogopa. Sikukuuliza mahali pa bafle kwa sababu ya ubishi wa nyumbani. Nilikuuliza kwa sababu mimi ningeziweka popote nisijue tofauti, na niliona haya kusema. Nilitaka kuazima sikio lako. Kumbe nilikuwa napiga hodi kwa mtu ambaye naye ametoka kwenda kuazima.

Lakini sikiliza. Unakumbuka ninavyopima injini ya kinu? Naweka chuma kirefu juu ya injini, ncha ya pili naishika kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ninyi mlikuwa mnacheka, mkisema mjomba anapiga simu kwa mihogo. Mpaka leo nafanya vile, na kinu changu nakisikia kuliko mtu yeyote hapa mjini. Jumanne nilikuwa nimeshika chuma hicho, nikazikumbuka bafle.

Nikaenda kwenye kombi, nikafungua sanduku la kitanda. Nikazifunga bafle zote mbili kwenye mbao zenyewe za kulalia, kwa chini, moja mahali pa mabega na moja mahali pa magoti, nikakaza skrubu mpaka zikawa kitu kimoja na ubao. Godoro, lile uliloogopa litameza sauti, nikalitoa, nikatandika mkeka. Nikalala. Niliweka muziki mdogo, Léocadie ni shahidi, mdogo hivi kwamba aliye mlangoni anaweza kuongea nawe. Gitaa lilianzia kwenye uti wa mgongo. Lilipanda mabegani, likaingia kichwani kwa nyuma, pale mfupa ulipo. Zile kamba nyembamba, ambazo sijazipata miaka mingi, zilipita. Siwezi kusema nilizisikia. Nilijua zimepita. Léocadie aliniuliza tumefika wapi, nikamwambia bado tunakwenda.

Hospitali iko hapa pia. Njoo kabla dosie hazijafungwa. Tutakaa benchi moja, mimi upande wako wa kulia, tuingie pamoja. Bulaimu mwambie asante, abaki na sikio lake. Ukipeleka Kindu sikio la mtu mwingine, itabidi ulivae mpaka pensheni.

Mjomba wako anayekungoja,
André


Kabambare, tarehe 24 Septemba 2023

Mjomba wangu,

Nilifika salama kutoka kwenu baada ya siku mbili za barabara. Assumani hakupiga honi hata mara moja. Kila alipotaka kusema kitu alinigonga bega la kulia. Salamu kwa Mama Léocadie, na kwa mama, ambaye mchele wake tumekwisha kuula nusu, mimi na Bulaimu.

Yapo mambo ambayo sikuweza kuyasema nikiwa kwenu. Siku ile kwenye benchi la hospitali niliinuka nusu nitoroke, nikaona haya, kisha nikaona wewe umekwisha kuinuka. Daktari alipotusimamia nyuma na kunong'ona majina ya miji ili tuyarudie, wewe ulijibu "Nyangwe" kila mara, hata alipokuwa hajasema kitu. Yule daktari alikuwa wa kwanza kucheka. Nadhani ni kicheko kile kilichonipa nguvu ya kusema "Sikusikia, Daktari." Nilisema mara sita. Ameandika kwamba sababu haijulikani kwa hakika, labda malaria, labda dawa. Kwamba la kushoto halitarudi. Kwamba la kulia ni zima na ninafaa kazi ya biro. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama huko Kindu watasoma mpaka mstari wa mwisho.

Na jioni ile ndani ya kombi. Mliniacha peke yangu, nadhani mlipatana. Nililala kwenye mkeka. Wimbo ulipoanza nilifanya kama ninavyofanya siku zote, niliutafuta unatoka wapi ili nigeuze kichwa. Sikuupata. Ulikuwa chini ya mwili wangu wote, kama maji chini ya mtumbwi. Nilikaa hivyo mpaka mapazia yakawa meusi. Nilihisi tunaondoka, pole pole, tukipita ghala na kinu, tukaingia kwenye majani marefu. Mama Léocadie aliuliza kutoka nje tumefika wapi. Sikujibu, akadhani sikusikia. Nilisikia. Sikutaka tusimame.

Tarehe 13 niliingia kwa Mama Apolline na dosie tatu. Cheti changu nilikuwa nimekiweka chini kabisa, ili akifungua asikione. Nilipofika mbele ya meza yake nilikitoa, nikakiweka juu. Alisoma. Alivua miwani.

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba, Mama."

"Na miye nakuita jiwe."

"Ndiyo, Mama."

"Na weye unanyamaza tu."

"Ndiyo, Mama."

Alisaini zote tatu. Mihuri alipiga mwenyewe, ingawa ni kazi yangu. Halafu alikwenda kusimama mlangoni, akatazama chumba chetu kama mtu aliyeingia leo.

"Ile meza nani aliiweka pale?"

"Niliikuta pale, Mama."

"Bulaimu, shika huku."

Waliibeba wao wawili mpaka ukuta wa pili, mimi nikikusanya kalamu zilizokuwa zinaanguka. Sasa mlango wake uko kulia kwangu. Tangu siku ile ameniita mara nyingi, bado hainui sauti, na ninasimama kabla hajamaliza jina. Bulaimu analalamika kwamba sasa anayepigwa na jua ni yeye.

Dosie zimeondoka. Kindu haijajibu, na kabla ya Krismasi haitajibu. Bado naogopa. Lakini ni woga wa mtu ambaye amekwisha kupanda gari. Mwambie mama anipigie Jumapili baada ya misa. Nitachukua.

Jana mvua ya kwanza ilikuja. Kitanda changu ni cha mbao, nilikisogeza mpaka kikagusa nguzo ya nyumba, ile inayobeba bati. Niliondoa godoro, nikalala chali. Ilitoka kulia. Ikafika katikati ya paji la uso, nami nikangoja isimame pale kama ilivyozoea. Ikashuka kwa nguzo. Ikaingia kwenye mbao, ikapita mgongoni mwangu yote pamoja, bila kushoto wala kulia, ikaenda zake kwa jirani.

Akiuliza Mama Léocadie, mwambie jana tulifika Kabambare.

Aristote